Kipaji Hakikumchora Farasi Yule

Neno ninalolichukia kuliko yote katika sanaa yetu ni "kipaji". Nalichukia hata kuliko "tutakutumia mwisho wa mwezi", na hiyo, kwa mtu anayeishi kwa kuandika makala mojamoja za kulipwa, si chuki ndogo.

Wacha nieleze kwa kutumia farasi.

Najua. Wakenya wengi hatuna farasi. Mnyama wa jamii hiyo tunayemjua ni punda wa kubeba mitungi ya maji, na hata yeye tunamjua kwa mateke na methali tu. Lakini farasi tunawachora, bwana! Ingia mapokezi ya hoteli yoyote yenye zulia, ingia sebule ya mtu aliyehamia nyumba mpya, pita pale wanapotundika michoro kando ya barabara wikendi. Watakuwa hapo: weupe, wengi, wanatimka majini, shingo juu, manyoya ya shingoni yanapepea kama pazia. Ukiuliza nani kawachora, utaambiwa ni kijana fulani mwenye kipaji.

Rafiki yangu ni mmoja wa vijana hao. Amechora farasi wa kutosha kuanzisha jeshi, na mimi ndiye nilikuwa nikimwandikia maneno ya kuuzia. "Kipaji cha kuzaliwa." "Hakufundishwa na mtu." "Mkono wake unaongozwa na Mungu." Niliandika hayo yote, nikalipwa, nikala.

Sasa Jumapili moja nikaenda uwanja wa mbio za farasi pale Barabara ya Ngong. Nilikuwa nimeandika hadithi fupi kuhusu mpanda farasi. Hadithi ilikuwa imeisha tayari. Nilikuwa natafuta jina zuri la farasi, basi. Nikamkuta mzee mmoja mtunza farasi amepumzika kivulini, tukasalimiana, tukaongea mawili matatu, nikamwonyesha kwenye simu mchoro wa rafiki yangu, na majivuno tele kana kwamba nimeuchora mimi. Mzee akaikuza picha kwa vidole viwili. Akanyamaza kidogo.

"Kijana, huyu mmemwekea miguu ya mtu."

Sikuelewa. Akainuka, akanipeleka kwa farasi jike wa kahawia aliyefungwa hapo karibu, akainama. Akanionyesha kile kiungo cha mguu wa nyuma ambacho mimi na wewe tungekiita goti lililogeuka kinyumenyume. "Hapa si goti. Hiki ni kifundo cha mguu, kama chako hapo juu ya kiatu. Kisigino ni hiki kinachochomoza nyuma. Goti lenyewe liko huku." Akaushika mkono wangu akauweka juu, karibu na tumbo la mnyama. Farasi akahamisha uzito, na chini ya ngozi nikahisi kitu kikubwa kikiteleza. "Anatembea kwa ncha ya kidole," mzee akasema. "Kidole kimoja kila mguu. Sasa huyo wenu anatembea kwa nini?"

Rafiki yangu alikuwa amechora labda farasi mia mbili, na hakujua goti liko wapi. Lakini lawama kubwa ilikuwa yangu. Ukishamwambia mtu kwamba ana kipaji, umemwambia pia kwamba hana cha kwenda kutafuta. Kila kitu anacho tayari mkononi, alizaliwa nacho. Aende Ngong kufanya nini?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za Mwingereza mmoja, George Stubbs. Alizaliwa Liverpool mwaka 1724, mtoto wa fundi wa kulainisha ngozi. Katika ujana wake alienda kwa mchoraji aliyeitwa Hamlet Winstanley ili ajifunze kwa kunakili michoro iliyokuwa katika jumba la Knowsley, makao ya Earl wa Derby. Hakukaa. Inasimuliwa kwamba waligombana kuhusu michoro ipi aruhusiwe kunakili, akaondoka baada ya wiki chache tu, akaamua kwamba kuanzia hapo atasoma vitu vyenyewe na kuachana na picha za vitu.

Hapa ndipo wapenzi wa kipaji hurukaruka kwa furaha. Umeona? Aliacha mafunzo! Alijifundisha mwenyewe!

Polepole. Sikiliza alichofanya baadaye.

Alienda mji wa York, akasoma muundo wa mwili wa binadamu hospitalini kwa kupasua maiti, hadi akawa anawafundisha wanafunzi wa udaktari. Daktari mmoja wa huko, John Burton, alipotaka michoro ya kitabu chake cha ukunga kilichotoka mwaka 1751, Stubbs ndiye aliyeichora, na ilimbidi pia ajifunze kuchora kwenye sahani za shaba ili iweze kuchapwa. Kisha mnamo 1756 akahamia kijiji cha Horkstow, Lincolnshire, pamoja na mwenzi wake Mary Spencer. Wakakodi nyumba ya shamba. Na humo wakaanza kazi ambayo, ukiifikiria vizuri, utaweka chini chakula chako.

Farasi aliletwa akiwa hai. Alikatwa mshipa wa shingo, akatokwa na damu hadi kufa, kisha mishipa ikajazwa mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa ili isinywee. Darini kulikuwa na mtaimbo wa chuma wenye kulabu. Mzoga ukainuliwa na kutundikwa hapo, kwato zikiwa juu ya ubao, ukasimama kama farasi anayetembea zake. Halafu Stubbs akaanza kumvua: ngozi kwanza, kisha misuli tabaka kwa tabaka, hadi ikabaki mifupa. Kila tabaka alilichora, akalipima, akaliandikia maelezo. Mzoga uliweza kukaa hapo wiki 6 au 7, au hadi usipofaa tena. Hakukuwa na friji. Hakukuwa na dawa za mochari kama za leo. Mzoga ukiisha, analetwa farasi mwingine.

Miezi 18. Mtu na mwenzi wake, ndani ya nyumba moja na nyama inayooza, wakitafuta goti liko wapi.

Hata hapo kazi haikuwa imeisha. Alipeleka michoro London kutafuta mafundi wa kuitia kwenye sahani za shaba, akakosa hata mmoja aliyeikubali kazi. Basi akaifanya mwenyewe, alfajiri na usiku, maana mchana alikuwa akichora picha za watu ili ale. Kitabu chake kuhusu muundo wa mwili wa farasi, chenye sahani 18, kilitoka mwaka 1766. Miaka kumi tangu mzoga wa kwanza. Sasa niambie, katika miaka hiyo kumi, kipaji kilifanya kazi siku gani? Jumatatu?

Katikati ya miaka hiyo, mnamo 1762, alimchora farasi anayeitwa Whistlejacket, mali ya Marquess wa Rockingham. Mimi nimeuona mchoro huo kwenye skrini tu, sijafika London. Una urefu wa karibu mita 3, farasi mzima kwa ukubwa wake wa kweli au karibu na hapo. Ni wa rangi ya shaba, ameinuka kwa miguu ya nyuma, jicho moja linakuangalia. Hakuna mpandaji wala tandiko. Hakuna mti, hakuna anga, hakuna bahari. Nyuma yake ni rangi tupu, na vivuli vidogo tu kwenye kwato kuonyesha kwamba amekanyaga mahali. Mwaka 1997 National Gallery ya London iliununua kwa paundi milioni 11.

Uweke mchoro huo kando ya farasi wa hotelini uone jambo moja. Yale maji yanayotimka yapo kwa sababu. Yanaficha kwato! Yale manyoya yanayopepea yanaficha mahali shingo inapoungana na bega. Vumbi, mawingu, machweo, vyote ni pazia la kufunika pale ambapo mchoraji hajui. Stubbs aliweza kuondoa kila kitu kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Na sisi waandishi tuna maji yetu pia. Tunayaita "lugha ya kishairi".

Mtu ataniambia: haya, huyo alikuwa mwendawazimu mmoja wa karne ya 18, usitupimie sisi. Sawa. Chukua Rosa Bonheur basi, mwanamke wa Ufaransa, karne iliyofuata. Alitaka kuchora soko la farasi la Paris. Soko lilikuwa la wanaume, na sketi ilikuwa balaa pale kati ya kwato na matusi. Enzi hizo mwanamke alihitaji kibali cha polisi ili avae suruali hadharani. Akakitafuta kibali. Akavaa suruali, akawa anaenda sokoni mara mbili kwa wiki kwa takriban mwaka mmoja na nusu, akichora. Machinjioni pia alikuwa ameshaingia kuwasoma wanyama. Mchoro wake mkubwa wa soko hilo ulionyeshwa Paris mwaka 1853, na leo uko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ukimwambia mwanamke huyo "una kipaji", umemnyang'anya mwaka mmoja na nusu wa maisha yake, ukampa Mungu sifa za miguu yake iliyochoka.

Na hapa ndipo penye shida yangu kubwa, kwa sababu ubishi huu si wa maneno tu. Ni wa pesa. Kipaji ni zawadi, si ndiyo? Umepewa bure. Sasa kitu ulichopewa bure utakitozaje? Ndiyo maana mtu yuleyule anayelipa fundi wa bomba bila kuhema atamwambia mchoraji, "Wewe si una kipaji, hii itakuchukua dakika mbili." Ndiyo maana nimewahi kuandikia shirika fulani kurasa 12, halafu nikaambiwa malipo yangu ni kwamba nitajulikana. Siku hizi wameongeza na lingine: eti programu ya kompyuta itawatolea farasi kwa sekunde chache, kwa hivyo punguza bei. Wanaweza kusema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tumewafundisha kwamba kazi yetu haina saa ndani yake.

Stubbs alilijua hilo vizuri. Mwaka 1799 farasi aliyeitwa Hambletonian alishinda shindano kali la watu wawili pale Newmarket, baada ya kuchapwa na kuchomwa kwa miiba ya viatu vya mpandaji. Mwenye farasi, Sir Henry Vane-Tempest, akamwagiza Stubbs achore ushindi. Mzee alikuwa anakaribia miaka 76. Akamchora farasi huyo baada ya mbio: amechoka kabisa, masikio yamelala, mdomo wazi, kando yake mkufunzi na kijana wa zizini mwenye kitambaa cha kumsugulia. Nyuso za watu hao wawili amezichora kwa uangalifu uleule aliompa farasi. Tajiri akagoma kulipa gini 300. Stubbs hakusema "basi, angalau nimejulikana". Alimpeleka mahakamani mwaka 1801, na akashinda.

Mtu anayeamini kazi yake ni karama iliyodondoka kutoka mbinguni hawezi kusimama mbele ya hakimu akataja bei. Yule aliyekaa na mizoga miezi 18 anaweza.

Sitaki mdhani nimemfanya Stubbs mtakatifu. Wale farasi wa Horkstow walikuwa hai, na yeye akaagiza wauawe ili ajue. Wateja wake walikuwa mabwana wakubwa wenye ardhi na vyeo, na farasi kwao walikuwa majivuno, kama magari makubwa ya wanasiasa wetu. Sisemi tumwige kisu. Mzee wa Ngong alinionyesha goti bila kumwaga tone la damu, na farasi akabaki anatafuna nyasi zake. Ninachosema ni kwamba lazima uende mahali kitu kilipo, ukae muda mrefu kuliko unavyotaka, na ukubali kuonyeshwa kwamba hujui.

Na hata hapo utakosea. Hili wapenzi wa kipaji hawalipendi kabisa. Kwa vizazi vingi wachoraji wa Ulaya walimchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu yote minne, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama anaruka mtaro. Géricault, mmoja wa wakubwa wao, ndivyo alivyochora mbio za Epsom mwaka 1821. Kila mtu aliamini macho yake. Kisha mwaka 1878, kule California, Eadweard Muybridge akapanga kamera mstari mmoja kando ya njia ya farasi, akampiga picha akipita kwa kasi. Kumbe ni kweli kuna nukta ambapo kwato zote nne zimeachana na ardhi, lakini wakati huo miguu imekusanyika chini ya tumbo! Wachoraji wengine walikasirikia picha hizo. Degas, ambaye kuchora farasi ilikuwa sehemu ya maisha yake, alizisoma. Kama watu waliotazama farasi maisha yao yote waliweza kukosea kiasi hicho, wewe uliyetazama Pinterest jioni moja unajiamini nini?

Najua swali linalokuja. Wewe si uliacha chuo? Leo unatuhubiria masomo?

Ndiyo, niliacha, mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine, niseme ukweli, ni kwamba watu walikuwa wameniambia nina kipaji cha kuandika na nikawaamini. Nikaona mihadhara inanichelewesha. Kwa miaka mitatu nimejipa moyo kwa orodha ya majina ya wakubwa walioacha shule, na Stubbs angekaa vizuri sana kwenye orodha hiyo, kama nisingesoma hadi mwisho. Yeye alimwacha mwalimu akaenda kwenye kazi ngumu zaidi ya ile aliyoiacha. Mimi niliacha mihadhara nikaenda kulala. Kuacha chuo hakukunifanya msanii, kama ambavyo kubaki hakungenifanya. Cheti bila mzoga na kipaji bila mzoga ni uvivu wa aina mbili, umevaa nguo tofauti.

Ile hadithi yangu ya mpanda farasi nimeifuta. Nilikuwa nimeandika kwamba farasi "alipiga magoti ya nyuma kwa unyenyekevu". Ukicheka, cheka, mimi pia nimecheka. Nimerudi Ngong Jumapili nyingi tangu hapo, na sasa nina kurasa nne tu ambazo siogopi mzee azisome.

Rafiki yangu naye nilimburuta. Alinitukana njia nzima ndani ya matatu. Alipofika, akamwangalia yule farasi jike muda mrefu, akatoa penseli, na kwa wiki kadhaa akawa hachori kitu kingine ila miguu ya nyuma. Halafu akapeleka mchoro mpya kwa hoteli moja iliyozoea kununua kwake: farasi mmoja, amesimama, hakuna maji. Akaongeza bei. Meneja akauangalia akauliza, "Sasa mbona huyu hakimbii? Wale wengine ndio wazuri." Hakuununua. Yaani soko halikumpa tuzo yoyote kwa kujua, na sitawadanganya kwamba litampa kesho.

Mzee alipoonyeshwa mchoro huohuo, alitazama miguu, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka kidole kwenye masikio. "Haya yamegeuka nyuma. Amesikia nini huko?" Rafiki yangu hakuwa na jibu. Akafungua ukurasa mwingine, akaketi.

Kwa hivyo ninyi wahariri, mameneja wa hoteli, wazazi wenye watoto wanaochora kwenye daftari za hesabu, na mimi mwenyewe niliyewahi kulipwa kwa kuliandika neno hili: tuliache. Ukikutana na farasi aliyechorwa akasimama sawasawa, muulize aliyemchora ilimchukua muda gani kujua. Akikujibu, lipia huo muda.